BIMA YA NYUMBA: JINSI ILIVYOANZA, NA NJIA ZA KUPUNGUZA MALIPO YAKE

Somo letu la leo ni habari za bima ya nyumba: ilianza wapi, na mwenye nyumba afanyeje asilipe kupita kiasi.

Tuanze katika mji wa London, Uingereza. Usiku wa tarehe 2 Septemba, 1666, moto ulizuka katika nyumba ya mwoka mikate. Wakati ule nyumba nyingi zilikuwa za mbao, tena zimesongamana, na upepo ulikuwa mkali. Moto uliwaka kwa muda wa siku nne hivi, ukateketeza nyumba zipatazo 13,200.

Sasa angalieni taabu iliyofuata. Wapangaji wengi walikuwa na mikataba iliyowabana waendelee kulipa kodi na kuijenga nyumba upya, ijapokuwa nyumba yenyewe imekwisha kuwa majivu. Ugomvi ulizidi hata ikaundwa mahakama maalum katika mwaka wa 1667, ili kuamua nani ajenge na nani alipe. Ndipo watu walipoona ya kuwa moto wa siku moja waweza kumfilisi mtu maisha yake yote.

Mnamo mwaka wa 1680, Nicholas Barbon, daktari aliyegeuka kuwa mjenzi wa majumba, alifungua ofisi ya bima ya moto. Shauri lake lilikuwa jepesi: watu wengi watoe kidogo kidogo, na yule atakayeunguliwa alipwe kutoka katika fungu hilo. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini hakuwatoza wote sawasawa. Nyumba ya matofali ililipiwa 2.5 kwa mia ya kodi yake ya mwaka. Nyumba ya mbao, 5 kwa mia. Fanyeni hesabu. Kama kodi ilikuwa pauni 20, mwenye matofali alilipa shilingi 10, na mwenye mbao alilipa shilingi 20, yaani mara mbili. Kwa nini? Kwa sababu mbao hushika moto upesi.

Huko Philadelphia, Marekani, Benjamin Franklin na wenzake walianzisha chama cha bima ya nyumba katika mwaka wa 1752. Nyumba ilikaguliwa kwanza, na yenye hatari zaidi ilitozwa zaidi. Katika mwaka wa 1781 chama hicho kilikataa hata nyumba zenye miti mbele yake, maana miti iliwazuia wazima moto.

Basi, kanuni ni ile ile mpaka leo: apunguzaye hatari hupunguza malipo. Wewe mwenye nyumba, shika mambo haya manne.

Kwanza, iweke nyumba salama. Tengeneza nyaya mbovu za umeme, weka milango imara, kisha uiambie kampuni.

Pili, kata bima kwa gharama ya kuijenga nyumba upya, si kwa bei ya kiwanja. Ardhi haiungui. Lakini usitaje kiasi kidogo mno ili upunguziwe. Nyumba ya shilingi milioni 10 ukiikatia bima ya milioni 5, hasara ya milioni 2 yaweza kulipwa milioni 1 tu.

Tatu, uliza bei kwa kampuni zaidi ya moja. Ukikubali kubeba mwenyewe hasara ndogo ndogo, mara nyingi malipo ya mwaka hupungua.

Nne, soma hati yote kabla ya kutia sahihi. Angalia yale yasiyolipwa. Pengine mafuriko hayamo. Hapo ndipo kujua kusoma kunapokufaa: asiyesoma hati hujua maana yake siku nyumba imekwisha kuungua.

MASWALI
1. Kwa nini wapangaji wa London walipata taabu baada ya moto?
2. Nyumba ya mbao yenye kodi ya pauni 40 ingelipiwa shilingi ngapi kwa Barbon?
3. Taja jambo moja utakalolitengeneza nyumbani kwako juma hili.

Kwaherini mpaka somo lijalo.