Uongezaji nguvu wa injini ndogo za mipigo miwili (Kisumu na ufuo wa Ziwa Victoria)

Uongezaji nguvu wa injini za mipigo miwili ni kazi ya kubadilisha sehemu za injini ndogo, mara nyingi ya zamani, ili itoe nguvu zaidi ya ile iliyotoka nayo kiwandani. Katika ufuo wa Kenya wa Ziwa Victoria, kuanzia Dunga mjini Kisumu hadi Usenge, Mbita, Mfangano na Sori, injini hizo ni hasa mashine za boti zinazofungwa nyuma ya chombo. Yamaha za nguvu farasi 15, 25 na 40 ndizo zilizozoeleka, na nyingi zimekwisha kufunguliwa mara nyingi kuliko mwenyewe anavyoweza kukumbuka. Pikipiki zenye injini za mipigo miwili, kama Yamaha AG100 na DT125 walizokuwa wakiendesha maafisa wa kilimo, sasa ni chache. Bodaboda za mipigo minne kutoka India ziliziondoa barabarani.

Mvuvi wa mbuta hatafuti mbio kwa ajili ya mbio. Anataka kufika mbali na kurudi samaki wakiwa hawajaharibika, na anataka mashine anayoweza kuibeba begani jioni, kwa sababu wizi wa mashine ni balaa ya miaka mingi ziwani. Yamaha ya 15 ya mipigo miwili ina uzito wa takriban kilo 36. Ya mipigo minne ya nguvu hiyo hiyo inakaribia kilo 50. Hapo ndipo hamu ya kuikamua mashine ndogo inapoanzia.

Mwinuko wa ziwa

Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na kisukuma hewa hupoteza nguvu karibu kwa kiwango hicho hicho. Kwa hiyo mashine iliyoandikwa 15 hutoa kama 13 ikiwa Kisumu, na ile ya 40 hutoa kama 35, hata ikiwa mpya kabisa. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa kuongeza nguvu ziwani ni kurudisha nguvu iliyochukuliwa na mwinuko, na fundi asiyelijua hilo huanza kukata chuma kabla ya kugusa kabureta.

Kabureta ndiyo ya kwanza. Jeti iliyowekwa kiwandani imepimwa kwa hewa ya usawa wa bahari; hewa ikipungua, petroli inazidi, plagi inakuwa nyeusi na mashine inavuta kwa uzito. Jeti kuu ndogo kwa hatua moja hurudisha sehemu ya nguvu na kupunguza mafuta. Ni kazi ya dakika chache, nayo hupuuzwa pengine kwa sababu haionekani kuwa kazi. Anayepeleka mashine yake pwani anapaswa kurudisha jeti ya awali, la sivyo petroli itapungua mno na pistoni itaungua.

Mwinuko una faida moja. Kwa kuwa hewa inayoingia ni kidogo, mgandamizo ndani ya silinda nao ni mdogo, na hedi inaweza kukerezwa sehemu ya milimita bila injini kugonga. Mashine hiyo hiyo ikiuzwa Lamu au Shimoni huenda ikaanza kugonga siku ya kwanza.

Milango ya silinda

Injini ya mipigo miwili haina vali za kufungua na kufunga kwa kamshafti. Pistoni yenyewe hufunika na kufunua milango iliyo ukutani mwa silinda: mmoja wa kutolea moshi, mingine ya kupitishia mchanganyiko mpya kutoka chini ya pistoni. Mpango huu wa kutumia chumba cha kranki kama pampu ulibuniwa na Mwingereza Joseph Day karibu na mwaka 1890. Umbo na urefu wa milango hiyo ndio unaoamua tabia ya injini, na kwa kuwa milango ni matundu tu, mtu mwenye tupa na subira anaweza kuibadilisha. Injini ya mipigo minne haimruhusu fundi kirahisi hivyo.

Mlango wa moshi ukiinuliwa, unafunguka mapema na injini hupumua vizuri katika mizunguko ya juu. Ukipanuliwa, moshi hutoka kwa wingi zaidi bila kubadilisha wakati wa kufunguka. Lakini upana wake ukipita takriban asilimia 70 ya kipenyo cha silinda, ringi huanza kuchungulia nje na mwishowe hunasa na kuvunjika. Kingo lazima zilainishwe kwa msasa baada ya tupa. Njia za kupitishia mchanganyiko hupangwa zilingane na matundu ya gasketi, maana zikitoka kiwandani mara nyingi haziambatani sawasawa. Kazi hii ya mwisho ni salama kuliko zote, na ndiyo ambayo mwandishi wa makala haya angempendekezea mwenye boti asiyetaka majuto.

Kuna pia mashine zilizopunguzwa makusudi kiwandani. Johnson na Evinrude za 9.9 na 15 zilizotengenezwa tangu miaka ya 1970 zilitumia silinda zenye ujazo mmoja, na tofauti kubwa ilikuwa kabureta. Yamaha za 9.9 na 15 za mipigo miwili nazo zina ujazo mmoja wa sentimita za ujazo 246. Anayebadilisha kabureta ya mashine kama hiyo anaondoa kizuizi kilichowekwa na mtengenezaji, si zaidi ya hapo.

Ekzosi, na somo la Safari Rally

Maarifa mengi ya kuongeza nguvu za injini hizi yalitoka katika mji mmoja wa Ujerumani Mashariki, Zschopau, ambako mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ alichunguza mawimbi ya sauti ndani ya ekzosi. Bomba linalotanuka kisha kubana hurudisha wimbi la shinikizo kwenye mlango wa moshi wakati ule ule mchanganyiko mpya unapotaka kutoroka, na kuusukuma urudi ndani. Kufikia 1961 injini yake ya mashindano ya sentimita 125 ilikuwa ikitoa takriban nguvu farasi 25. Mwaka huo huo mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitorokea Magharibi wakati wa mashindano ya Sweden, na ujuzi huo ukafika Suzuki nchini Japani. Mwaka uliofuata Degner alitwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita 50 akiwa na Suzuki.

Afrika Mashariki ilikwisha kuziona injini za mipigo miwili zikishindana. DKW yenye silinda tatu ilishinda mbio zilizokuja kuitwa Safari Rally mwaka 1956, ikiendeshwa na Eric Cecil. Mwaka 1962 Pat Moss alimaliza wa tatu kwa Saab 96, na mwaka 1964 Erik Carlsson alimaliza wa pili kwa gari la aina hiyo. Saab hiyo ilikuwa na injini ya sentimita 841 tu, ambayo katika toleo la michezo ilifikishwa nguvu farasi zaidi ya 50 kwa kabureta tatu na mfumo tofauti wa kulainisha. Matope ya Kenya yaliyakwamisha magari yenye injini mara mbili au tatu ya hiyo.

Hata hivyo bomba la Kaaden haliwezi kuhamishiwa Dunga. Ekzosi ya mashine ya boti hushuka ndani ya mguu na kutokea majini, na hakuna nafasi ya chumba kirefu kinachotanuka. Kubwa zaidi ni tabia ya nguvu yenyewe: bomba na milango mirefu hutoa nguvu katika ukanda mwembamba wa mizunguko ya juu, na chini ya ukanda huo injini inakuwa goigoi kuliko ilivyokuwa. Pikipiki ina gia za kuiweka injini ndani ya ukanda wake. Boti haina, ina mbele, nyuma na kati. Chombo kilichosheheni nyavu, barafu na wavuvi, kikipanda wimbi nje ya Mfangano, kinahitaji msukumo wa chini na wa kati, na mashine iliyochongwa kwa ajili ya mbio hushindwa kukiinua kiteleze juu ya maji.

Petroli na oili

Injini iliyokerezwa hedi haivumilii petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, na uchanganyaji huo ulienea kiasi kwamba Septemba 2018 serikali ya Kenya ilianza kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuvunja moyo. Mafuta ya taa huwaka yenyewe kwa urahisi chini ya mgandamizo. Injini hugonga, pistoni hutoboka juu, na kwa kelele za ekzosi mwendeshaji huenda asisikie lolote hadi mashine izime. Yamaha hutengeneza mashine maalumu za mafuta ya taa, zenye alama ya EK, na mgandamizo wake ni mdogo kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa oili, wengi hudhani kuongeza ni kujikinga. Lakini oili zaidi ndani ya tangi maana yake ni petroli kidogo zaidi inayopita kwenye jeti ile ile, kwa hiyo injini hupata hewa nyingi kuliko mafuta na joto hupanda. Uwiano wa sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili halisi ya mashine za boti ni bora kuliko 25 kwa moja ya oili ya gari. Gugu maji, lililoenea Ghuba ya Winam miaka ya 1990 na linalorudi kila mara, huongeza hatari kwa kuziba matundu ya maji ya kupoza. Mashine iliyoongezwa nguvu ina nafasi ndogo ya kusamehewa.

Injini hizi pia hutupa majini sehemu ya petroli isiyoungua, robo au zaidi katika nyingine. Marekani ilianza kuzibana kwa kanuni mwaka 1998. Kisumu huchota sehemu ya maji yake ya bomba Dunga, ufuo ule ule ambako boti hutia nanga.

Propela

Kabla ya tupa, hedi au kabureta kubwa, kuna propela. Mashine ya 40 imekusudiwa izunguke kati ya takriban mara 4,500 na 5,500 kwa dakika ikifunguliwa kabisa. Ikibaki 4,000 huku boti imebeba mzigo wa kawaida, propela ina mkao (pitch) mkubwa mno kwa hewa ya Kisumu, na kuupunguza mkao huo kwa inchi moja huongeza mizunguko 150 hadi 200. Inchi mbili zinaweza kurudisha mwendo ambao fundi angetaka kuutafuta kwa siku nzima ya kuchonga. Kimo cha mashine nacho kina maana: bamba lililo juu ya propela likae sawa na upande wa chini wa boti, kwani likizama zaidi maji huiburuza, na likipanda propela hunyonya hewa. Propela ya alumini iliyopinda ukingo kwa kugonga mawe hupoteza mwendo na kutikisa kranki, na mhunzi wa jua kali anayejua kuinyoosha na kuisawazisha hulipwa kiasi kidogo kuliko bei ya pistoni moja.