Jinsi ya kukata santuri nzima kuwa nyimbo moja moja

ANAYENAKILI santuri kuukuu kwenye tarakilishi huishia na faili moja ndefu: upande mzima wa dakika 20 hivi, usio na mpaka kati ya wimbo na wimbo. Programu ya Audacity, inayotolewa bila malipo tangu mwaka 2000, huichora sauti hiyo kama mawimbi. Pale yanaponywea ndipo penye pengo. Unaweka kielekezi hapo, unabonyeza Ctrl na B, unaandika jina la wimbo, kisha unaamuru kila kipande kihifadhiwe kama faili yake.

Programu inaweza pia kuyasaka mapengo yenyewe, lakini hapo ndipo makosa huzuka. Santuri haina kimya halisi. Sindano hukwaruza hata pasipo muziki. Kiwango cha kimya, kipimwacho kwa desibeli, sharti kiwe juu kidogo ya mkwaruzo huo, la sivyo hakuna pengo litakaloonekana. Kikizidi, wimbo unaofifia polepole hukatwa mkia, nayo taksimu ya udi katika taarabu, yenye vituo vyake, hugeuka vipande vipande. Afadhali kuusikiliza kila mpaka mwenyewe.

Kwa santuri ndogo za benga kazi hupinduka: mara nyingi wimbo mmoja uligawanywa pande mbili, hivyo huunganishwa, haukatwi.

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi nakala nzima katika muundo wa WAV au FLAC. Faili ya MP3 ikihaririwa na kuhifadhiwa upya hupoteza ubora, na santuri yenyewe huenda isistahimili kuchezwa tena.