Wewe Umeandikwa Mtu wa Wapi?

(MUZIKI UNAINGIA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Mama uliyekaa karibu na redio, ukiulizwa wewe ni mtu wa wapi, unajibu nini? Ulipozaliwa, au unapolala leo? Leo nawapeleka kwenye sensa ya 2008, kwa sababu swali hilo lilikaribia kuvunja mkataba wa amani.

Sensa ya kwanza ya Sudan ilikuwa ya 1955 na 1956. Makarani wakiwa bado kazini, maasi ya Torit yalizuka Agosti 1955. Sensa ile iliandika kabila la mtu. Ya 1993 haikufika sehemu kubwa ya Kusini, vita vilikuwa vimepamba moto.

Mkataba wa 2005 ukadai hesabu mpya. Sikiliza vizuri hapa: idadi ya watu ndiyo ingeamua viti vya bunge na mgawo wa fedha. Kusini ilikuwa imepewa asilimia 34 ya viti kwa muda tu, ikingoja sensa. Ilipangwa kuanza Aprili 15, 2008. Serikali ya Kusini ikagoma: fomu haikuuliza kabila wala dini, na watu wake wengi walikuwa bado Khartoum. Mwishowe makarani walitoka Aprili 22, wakahesabu wiki mbili, mvua zikiwa zimeshaanza.

(MUZIKI MFUPI)

Matokeo yalitoka 2009. Sudan nzima milioni 39. Kusini milioni 8.26, yaani asilimia 21. Juba ikakataa. Na waliotajwa kuwa watu wa Kusini wanaoishi Kaskazini walikuwa kama 520,000 tu, wakati viongozi wa Kusini walisema ni zaidi ya hapo mara nyingi. Mimi nawaelewa. Mtu aliyekimbia vita na kukaa Khartoum miaka 20, akigongewa mlango na karani wa serikali, unadhani atajitaja haraka? Wewe mwenyewe ulipoandikishwa kambini, hukusita hata kidogo?

Ugomvi ulipoa 2010, Kusini ilipoongezewa viti 40 bungeni bila kuhesabu upya.

Sensa hiyo hiyo ilisema watu 83 katika kila 100 wa Kusini wanaishi vijijini. Kaunti ya Juba ilikuwa na watu 368,436. Baada ya uhuru wa 2011 waliorudi kutoka Khartoum, Kakuma na Uganda wengi walishukia mjini. Ndiyo maana Kiswahili unakisikia sokoni. Kisha Desemba 2013 vita vikaanza hapa hapa Juba, watu wakakimbilia kambi za Umoja wa Mataifa, na sensa iliyotarajiwa haikufanyika.

Makadirio ya 2021, yaliyotangazwa 2023, yalitaja milioni 12.4. Hayo hayakupatikana mlango kwa mlango. Walitembelea baadhi ya nyumba, wakatumia na picha za setilaiti. Mpaka leo, namba za mwisho zilizohesabiwa mtu kwa mtu ni zile za 2008, zile zile ambazo Juba ilizikataa.

(MUZIKI UNAPANDA)