Dripu ya haraka na watoto wa Kilifi, Muheza na Mulago

Kipindupindu kilipoivamia Scotland mwaka 1832, daktari Thomas Latta wa Leith alithubutu kuwaingizia wagonjwa wake maji ya chumvi moja kwa moja mshipani. Baadhi yao, waliokuwa wamekwisha kukatiwa tamaa, walizinduka. Tangu hapo dripu ikajijengea heshima kubwa wodini, na kwa aliyekaukiwa maji kwa kuhara na kutapika inastahili heshima hiyo hadi leo.

Taratibu imani hiyo ilivuka mpaka wa kuhara. Mtoto aliyezidiwa na homa, mikono na miguu imepoa na mapigo yanakwenda mbio, naye alitakiwa atiwe maji mengi kwa haraka. Utafiti mmoja uliotajwa mno, wa Washington mwaka 1991, ulihusu watoto 34 tu, tena bila kuwagawa kwa kura. Juu ya msingi mwembamba namna hiyo ukasimama utaratibu wa dunia nzima.

Huko Kilifi, katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome, alikuwapo daktari wa watoto kutoka Uingereza, Kathryn Maitland. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki hazikuwa zikitoa maji kwa wingi huo, na wengi waliona watoto wetu wananyimwa tiba. Majaribio yake madogo ya awali nayo yaliashiria kwamba maji hayo, hasa ya albumini (protini ya damu), yangeokoa maisha. Angeweza kuishia hapo na kudai dripu zigawiwe kila wilaya. Aliamua kupima kwanza, na uamuzi huo naona ndio kiini cha habari hii yote.

Januari 2009 jaribio la FEAST lilianza katika hospitali sita: Kilifi, Teule iliyoko Muheza, Tanga, na Mulago, Soroti, Mbale na Lacor nchini Uganda. Waliolibeba ni pamoja na Sarah Kiguli wa Makerere, George Mtove wa Muheza, Charles Engoru wa Soroti na Peter Olupot-Olupot wa Mbale. Mtoto alipofika mahututi, bahasha iliyofungwa ilifunguliwa: maji ya chumvi kwa haraka, albumini kwa haraka, au dripu ya polepole ya kawaida. Wote walipewa dawa za malaria au za bakteria kadiri ya hali yao, oksijeni, na damu kwa aliyepungukiwa. Wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Wazazi nao walifikiriwa. Mama aliyembeba mwanawe akikata roho hana utulivu wa kusomewa kurasa za maelezo, hivyo pale isipowezekana kungoja aliombwa ridhaa ya mdomo, na maelezo kamili yakafuata mtoto akishatulia.

Januari 2011 kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilisimamisha uandikishaji. Katika kundi kuu la watoto 3,141, ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini kwa haraka, 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, na 7.3 tu ya wale wa dripu ya polepole. Maana yake, katika kila watoto 100 waliotiwa maji ya haraka, watatu hivi walikufa zaidi. Zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa na malaria.

Matokeo yalipochapishwa Mei 2011, yalizua ubishi mkali. Wapo waliosema kasoro ni ya hospitali zisizo na vyumba vya wagonjwa mahututi. Hoja hiyo hainishawishi: makundi yote matatu yalilala wodi zilezile na kuhudumiwa na wauguzi walewale. Wengine walidhani maji yalijaa mapafuni. Uchambuzi wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa.

WHO ilichukua hadi mwaka 2016 kutoa mwongozo uliotamka wazi kwamba mtoto mwenye homa na dalili chache tu za mzunguko hafifu asitiwe maji ya haraka, na mwenye dalili zote apewe kwa kiasi na taratibu zaidi. Miaka mitano ni mingi mno kwa jambo linalohusu uhai wa watoto.

Maitland na wenzake waligeukia damu. Jaribio lao la TRACT, lililofanyika Uganda na Malawi na kuchapishwa mwaka 2019, liliwahusu watoto wenye upungufu mkubwa wa damu. Asiyekuwa na homa alinufaika na mililita 30 kwa kila kilo ya uzito badala ya 20. Kwa mwenye homa, kiasi hichohicho cha 30 kilizidisha vifo. Kwa hiyo kipimajoto, kifaa ambacho hata zahanati ndogo inacho, kinaweza kumwonyesha daktari ni damu kiasi gani imfae mtoto aliyelala mbele yake.