Tasfida iliyoficha utumwa katika Katiba ya Marekani

Wapo wanaoshikilia hadi leo kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani (1861-1865) vilihusu haki za majimbo. Ati utumwa ulikuwa kisingizio tu. Dai hili haliwezi kusimama tukichunguza lugha ya wahusika wenyewe.

Tuanze na Katiba ya 1787. Neno ‘mtumwa’ halimo. Waliokuwa wakiiandika, baadhi yao wakimiliki watumwa, walilikwepa. Katika kugawa viti vya Bunge la Wawakilishi, watumwa waliitwa watu wengine, na kila watano wakahesabiwa kama watatu. Mtumwa aliyetoroka naye alielezwa kuwa mtu anayedaiwa huduma au kazi. Wanaisimu huiita mbinu hii tasfida. Husitiri aibu, ila haitibu kidonda. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kufikia 1860, watumwa walikuwa karibu milioni 4, yaani takriban mmoja katika kila wakazi wanane. Pamba waliyoilima ilileta zaidi ya nusu ya mapato ya bidhaa zilizouzwa nje. Abraham Lincoln alipochaguliwa Novemba mwaka huo, akiahidi kuzuia utumwa usienee katika maeneo mapya ya magharibi, South Carolina ilijitenga Desemba 20. Majimbo mengine 10 yakafuata.

Sasa tasfida ikatupwa. Mississippi ilitangaza kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa. Machi 1861, Alexander Stephens, makamu wa rais wa majimbo hayo, alihutubu mjini Savannah kwamba jiwe la pembeni la serikali yao ni imani kuwa mtu mweusi si sawa na mweupe. Katiba yao nayo ililitaja neno ‘mtumwa’ bila haya.

Na haki za majimbo je? South Carolina ililalamika kuwa majimbo ya kaskazini yalitunga sheria zao wenyewe za kukwamisha urejeshaji wa watumwa waliotoroka. Kumbe haki hizo zilikuwa tamu pale tu zilipoulinda utumwa!

Vita viliua watu wasiopungua 620,000. Kusini iliposhindwa, tasfida ilirudi. Stephens yuyo huyo, katika kitabu alichoanza kukichapisha 1868, alidai kuwa mzozo ulihusu misingi ya kikatiba. Hoja yake ndiyo tunayoisikia hadi leo.

Neno ‘utumwa’ liliingia katika Katiba ya Marekani kwa mara ya kwanza Desemba 1865, katika Marekebisho ya 13. Liliingia ili lipigwe marufuku, isipokuwa kama adhabu kwa aliyehukumiwa kwa uhalifu. Uovu usiotajwa kwa jina lake haufutiki kisheria.

Basi msomaji, ukitaka kujua vita vilipiganiwa nini, sikiliza waliyoyasema wapiganaji kabla ya kushindwa. Baada ya hapo, kila mtu hujitafutia neno la kujisitiri.