Jembe, Nyumba na Uamuzi wa Wapiga Kura: Tafakari juu ya Uchaguzi wa 1965



Katika sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume ipo habari ambayo mara nyingi tunaipita haraka. Nafasi ya Yuda ilikuwa wazi, na jumuiya ikasimamisha watu wawili: Yosefu aitwaye Barsaba, na Mathia. Wakasali, wakapiga kura, nayo ikamwangukia Mathia. Kura ile haikuwa kama kura zetu za leo. Hata hivyo inatufundisha jambo moja. Juu ya Barsaba hatusomi kwamba alinung'unika, wala kwamba jamaa zake walijitenga na Kanisa. Juma hili tuitazame historia ya nchi yetu kwa mwanga wa habari hiyo, kwa maana Tanzania nayo iliwahi kuwasimamisha watu wawili wawili mbele ya wananchi, na majibu ya wananchi yakawashangaza wengi.

Tuanze na mwaka 1960. Katika uchaguzi wa Agosti mwaka huo TANU ilipata viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Kiti kimoja tu kiliponyoka, kule Mbulu, ambako Herman Sarwatt, mgombea binafsi, alimshinda Chifu Amri Dodo aliyesimamishwa na chama. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini ulikuwa na upungufu wake: katika majimbo 58 mgombea alipita bila kupingwa. Maelfu ya wananchi walipata mbunge bila kupata nafasi ya kuchagua.

Upungufu huo ulikuwa miongoni mwa mambo aliyoyazingatia Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1964 iliundwa tume chini ya Rashidi Kawawa kutazama namna ya kuwa na demokrasia ndani ya chama kimoja, na mwaka 1965 utaratibu mpya ukawekwa kwa Tanzania Bara. Mkutano wa chama wa wilaya uliwapigia kura waombaji, kisha Halmashauri Kuu ya TANU ikateua wawili kwa kila jimbo. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwenzake nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. Wagombea walihutubia katika mikutano ileile, kwa Kiswahili, na ilikatazwa kuomba kura kwa kutaja kabila, dini au rangi.

Wengi walidhani kwamba, kwa kuwa wagombea wote ni wa TANU, uchaguzi huo ungekuwa wa kuthibitisha tu walioko madarakani. Septemba 1965 wananchi walisema vingine. Walimpa Mwalimu zaidi ya asilimia 95 ya kura za urais, lakini kwa mkono uleule wakawaangusha wabunge wengi waliokuwapo. Mawaziri wawili walianguka, mmoja wao Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mwanzilishi mashuhuri wa vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba. Kule Rufiji aliangushwa Bibi Titi Mohamed, mama aliyewaamsha wanawake wa nchi hii katika kupigania uhuru. Wananchi hawakusahau mema ya watu hao; walichotaka kujua ni nani atawasemea kesho.

Na hapa kwetu Morogoro? Jimbo la Morogoro lilimchagua Amir Jamal, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi na Mwismailia kwa dini. Kule Dar es Salaam, Derek Bryceson, mkulima Mzungu, alichaguliwa Kinondoni. Hii ilikuwa miaka minne tu baada ya uhuru, wakati kumbukumbu za ubaguzi wa rangi zilikuwa bado mbichi. Watu wa milima hii hawakuwa wanyonge wa kukubali kila jambo: mwaka 1955 Waluguru walikataa amri ya wakoloni ya kuchimba matuta milimani, pakazuka ghasia na polisi wenye silaha wakaja. Wakati ule hawakuwa na njia nyingine ya kusema hapana. Miaka kumi baadaye walikuwa na karatasi ya kura, nao wakaitumia kumtazama mtu mwenyewe kuliko damu yake. Bwana alimwambia Samweli kwamba mwanadamu hutazama sura, bali Yeye hutazama moyo. Wapiga kura wa Morogoro waliikaribia hekima hiyo.

Hatupaswi kuupamba uchaguzi ule kupita kiasi. Mwananchi aliweza kumkataa mbunge, lakini hakuweza kukikataa chama, na waliofikiri tofauti na TANU hawakuwa na mlango wa kuingilia mpaka vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992. Tena Rais alimteua Bomani kuwa mbunge na kumpa wizara ya mipango, huku Wizara ya Fedha ikienda kwa Jamal. Je, huko si kurudisha kwa mlango wa nyuma aliyekataliwa mlangoni? Swali hilo ni la haki. Tunaweza kusema kwamba taifa changa lilikuwa na wataalamu wachache, na kwamba kushindwa si kosa la jinai linalomfanya mtu asifae tena. Lakini ni kweli pia kwamba uamuzi wa wananchi hudhoofika pale mkubwa mmoja anapoweza kuulainisha.

Pamoja na hayo, walioanguka hawakuchoma moto nchi. Tukumbuke kwamba ng'ambo ya bahari, Zanzibar, mambo yalikuwa mengine. Baada ya uchaguzi wa Juni 1961 watu 68 walipoteza maisha katika ghasia. Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Serikali ikaundwa na wapinzani wake, na Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Hapo tunajifunza pande mbili za jambo moja: aliyeshindwa hawezi kuombwa atulie ikiwa hana sababu ya kuamini hesabu na kanuni, na penye haki, hana ruhusa ya kumwaga damu kwa sababu ya uchungu wake.

Desemba 7, 1965, miezi michache baada ya uchaguzi wetu, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Gaudium et Spes. Humo Kanisa linafundisha kwamba raia wote wakumbuke haki na wajibu wa kupiga kura kwa uhuru, kwa ajili ya manufaa ya wote. Mafundisho hayo yanatuhusu kwa namna ya pekee sisi wa Mzumbe. Tangu 1953, ilipoanzishwa hapa shule ya serikali za mitaa ya kuwafundisha machifu na watumishi wao, mpaka kikawa chuo kikuu mwaka 2001, mahali hapa pamewalea watu wa kuwatumikia wengine. Anayesimamia uchaguzi ahesabu kwa uaminifu, kwa kuwa kura ya jirani yake ni amana. Anayeshinda asikebehi. Anayeshindwa kwa haki, awe wa kijiji, wa chama au wa halmashauri ya parokia, arudi Dominika ijayo na kukaa kwenye benchi lake, kama Barsaba.

Ee Bwana, utujalie viongozi wanaokubali kuamuliwa na watu, na utujalie sisi kuamua bila chuki. Bikira Maria, Malkia wa Amani, utuombee. Tunawatakia juma lenye baraka.