Mike Hailwood na Njia ya Kisiwa cha Man

Katika taarikhi ya mbio za pikipiki, ni nadra kupatikana mizani kali ya kuwapimia wanaume kuliko njia ya Kisiwa cha Man, ambayo kwa urefu wa kilomita 60 na ushei hupita baina ya kuta za mawe na milango ya nyumba za watu, kisha hupanda mlima wenye ukungu. Hapo ndipo Mike Hailwood, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1940, alipojipatia sifa, kwani mwaka 1961 alishinda mbio tatu katika juma moja, jambo ambalo kabla yake hakulifanya mtu.

Mwaka 1967, akishindana huko huko kisiwani na Giacomo Agostini, Mtaliana hodari, mshikio wa kuongezea mafuta wa pikipiki yake ya Honda ulilegea. Akasimama, akaazima nyundo, akaugonga, akarejea njiani bila ya kukata tamaa, hata mnyororo wa hasimu wake ukakatika, na ushindi ukawa wake.

Baada ya kutwaa ubingwa wa dunia mara 9, alihamia mbio za magari. Na huko Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1973, aliingia motoni kumwokoa dereva mwenzake, Clay Regazzoni, akatunukiwa nishani ya ushujaa. Mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 38, alirudi kisiwani, akashinda tena.

Aliaga dunia mwaka 1981 kwa ajali katika barabara ya kawaida, pamoja na binti yake mdogo. Umahiri wake ulikuwa mkubwa. Murua wake ulikuwa mkubwa zaidi.